Jiko la kuni lenye dohani au gesi? Kwa anayejenga ghorofa Mtwara na Lindi

Tulipofika kwenye linta ya ghorofa ya chini, shemeji yangu alileta wazo. Yeye ni baharia, amelala sana bandari za Norwe, na huko aliona nyumba za ghorofa mbili tatu zikipashwa joto na jiko moja la kuni lililojengwa sebuleni: sanduku la chuma, mlango wa kioo, dohani inayopanda katikati ya nyumba mpaka juu ya paa. Akataka tuache nafasi ya kitu hicho kwenye ukuta wetu wa Shangani, Mtwara, hatua chache kutoka baharini. Mama mkwe alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamuuliza, "Joto gani tena unalotaka kutuongezea humu, mwanangu?"

Tulicheka. Mji huu hata Julai, mwezi wa ubaridi, shuka moja inatosha. Anayetaka mbili apande Newala, juu kule ukungu unakotanda asubuhi. Lakini nilipomhoji shemeji usiku ule juu ya lile jiko la kioo, nilipata mambo mawili ambayo baadaye yalituamulia jiko la kupikia.

La kwanza ni namna lilivyo banifu, yaani linavyobana matumizi ya kuni. Meko ya zamani ya Ulaya, yale yaliyo wazi mbele, hupeleka joto jingi juu kupitia dohani na kuvuta na hewa ya chumba iondoke nayo. Haya mapya yamefungwa, hewa inaingia kwa kipimo, chumba cha moto kimezungushiwa matofali kinakuwa cha moto sana, na hewa ya pili inaingizwa kwa juu ili ule moshi nao uwake. Kwa sababu moshi ni kuni ambazo hazijamalizika kuungua. Ndiyo maana wanazungumzia asilimia 70 hadi 80 ya joto kubaki ndani ya nyumba.

La pili ni ngazi. Kule wanaliweka jiko chini kwa makusudi, maana hewa ya moto hupanda. Ngazi inaifikisha vyumba vya juu bila feni wala bomba. Wanaisifu hiyo tabia. Sasa ilete Mtwara mwezi wa Januari, ghorofa ya chini kuna mtu anachemsha mbaazi, na vyumba vya kulala viko juu. Ngazi ile ile inapandisha moshi, joto, na harufu ya samaki. Nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, husamehe jiko lililowekwa vibaya, maana moshi unatokea dirishani basi. Ghorofa haisamehi.

Kwa hiyo ninapolinganisha hapa silinganishi bei tu. Naanza na bei hata hivyo, kwa sababu ndiyo kila mtu anayoniuliza.

Kinachofika kwenye sufuria

Chukua mtungi wa gesi wa kilo 15 kama kipimo. Jiko la gesi la kawaida hufikisha kwenye sufuria kama asilimia 55 ya joto la gesi, lingine linapotea pembeni. Ili upate joto lile lile kwenye sufuria, hesabu yangu inakuja hivi: kwa mafiga matatu utachoma takriban kilo 190 za kuni kavu. Kwa jiko banifu la kuni lililojengwa sawasawa, kilo 80 hivi. Mkaa kwenye jiko la bati la kawaida, kilo 65. Mkaa kwenye jiko banifu lenye udongo ndani, kilo 40. Umeme kwenye jiko la koili, yuniti 150 hivi.

Haya ni makadirio, kwa kuwa mkono wa mpishi unabadilisha kila kitu. Asiyefunika sufuria anaweza kuharibu faida yote ya jiko banifu. Lakini uwiano ndio huo, na wewe unachotakiwa kufanya ni kuweka bei ya mtaani kwako mbele ya kila namba. Bei ya kuni ya Tandahimba haifanani na ya Shangani, na gunia la mkaa linalouzwa kando ya barabara ya Mingoyo si gunia hilo hilo likifika sokoni Lindi mjini.

Sisi tuna shamba la mikorosho, na kila mwaka baada ya msimu tunapogoa. Matawi yale tungelipa mtu ayaondoe. Kwa familia ya namna hiyo kuni ni bure isipokuwa nauli ya kuzileta mjini, na hapo ndipo mama mkwe, aliyetaka jiko la kuni la kupikia, alipokuwa na hoja nzito kuliko shemeji na jiko lake la kioo.

Kuni: jiko zuri, dohani ya aibu

Jiko banifu la kujengea halina siri kubwa. Chumba cha moto kiwe chembamba na kizungushiwe matofali mepesi ya udongo uliochanganywa na pumba au vumbi la mbao, ili joto lisimezwe na ukuta. Kuni zikae juu ya kichanja kidogo, hewa ipite chini yake. Sufuria izame kwenye tundu lake kiasi moto uilambe ubavuni, na moshi uvutwe kuelekea dohani baada ya kupita sufuria ya pili. Fundi mzoefu wa majiko anajenga la matundu mawili kwa muda mfupi, na vifaa vyake ni udongo, matofali na saruji kidogo.

Kosa letu lilikuwa nje ya jiko. Tulijenga jiko la uani, kibanda cha bati nyuma ya nyumba, mita mbili na nusu kutoka ukuta wa ghorofa. Fundi akatoa dohani ikapita paa la kibanda kwa futi moja hivi, akasema inatosha. Kwa nyumba ya chini labda ingetosha. Kwetu, upepo unaopiga ghorofa unapinda juu ya paa na kushuka upande wa pili, unaurudisha moshi chini, na kile kilichobaki kinapanda ukutani moja kwa moja hadi kwenye madirisha ya vyumba vya juu. Wiki ya kwanza nyavu za mbu zilibadilika rangi. Mwanangu mdogo akaanza kukohoa. Nilimlaumu fundi, lakini ukweli ni kwamba hakuna kati yetu aliyeinua macho akaangalia madirisha yako wapi.

Kanuni niliyoipata baadaye ni rahisi: dohani ipite paa inapotokea kwa sentimita 90 angalau, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Ukiwa na kibanda chini na ghorofa pembeni yake, maana yake dohani ya kibanda ifike juu ya paa la ghorofa, au kibanda kiende mbali. Ya kwanza inahitaji dohani ya matofali yenye msingi wake, iliyoegemea ukuta wa nje. Usiweke ya bati. Chumvi ya bahari kwa nje na tindikali ya moshi kwa ndani zitaila mapema. Na usikubali bomba la zamani la asbesto ambalo mtu anakupa bure. Kama dohani inapita karibu na mbao za paa, acha nafasi ya inchi 2 pande zote.

Halafu kuna upepo, na hapa watu wa pwani tuna bahati ya kuujua. Kusi linatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Mwaka mzima pepo zetu kubwa mbili zote zinatoka upande wa bahari. Kwa hiyo jiko la kuni likae magharibi ya nyumba, na madirisha ya vyumba vya kulala yasiwe upande huo kama inawezekana. Usiku upepo wa nchi kavu huweza kugeuka, lakini usiku hupiki mbaazi. Nimeona nyumba Mikindani ambayo jiko la uani liko mashariki, mbele ya baraza, na wageni wa baraza wanakula moshi kabla ya chakula.

Kuhamisha kibanda kulitugharimu kuliko kujenga jiko lenyewe. Sasa kiko kona ya magharibi ya kiwanja, mita tisa kutoka ukutani, na madirisha ya juu yamepona.

Mengine kuhusu kuni ni mafupi. Kuni mbichi zinaweza kuwa na nusu ya uzito wake maji, na moto wako wa kwanza wote unaishia kuchemsha maji hayo. Ndizo zinazotoa moshi mwingi na kuacha lami ndani ya dohani, lami ambayo siku moja huweza kushika moto. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo kuni za msimu huo zipasuliwe na kupangwa chini ya paa kabla ya Novemba. Pangeni juu ya matofali, mchwa wa huku hawangoji. Na tafadhali, maganda ya korosho yasiingie jikoni. Wanaobangua wanajua: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho na koo. Vifuu vya nazi, sawa, vinatoa moto mzuri.

Kuhusu kuliweka jiko hili ndani ya nyumba, ghorofa ya chini, hata likiwa na dohani nzuri: mimi ningekataa. Tofali likishika moto halipoi haraka. Yako majiko ya Ulaya ya matofali mazito yanayosifiwa kwa sababu yanaendelea kutoa joto saa nyingi baada ya moto kuzimika. La kwako litafanya vile vile, na chumba kilicho juu yake ndicho kitakachopokea. Zege la sakafu linapashwa jioni, linakupumulia usiku kucha.

Gesi: kuna mbili, na haziendi upande mmoja

Huku kwetu neno "gesi" lina uchungu wake. Songo Songo, Kilwa, gesi iligunduliwa 1974. Mnazi Bay, Mtwara, 1982. Mwaka 2013 watu waliandamana Mtwara wakipinga bomba la kwenda Dar es Salaam, na 2015 bomba likakamilika. Ndiyo maana bado unamsikia mtu akibeba mtungi akisema anapikia gesi yetu wenyewe. Si kweli. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani unaoletwa kwa meli kutoka nje. Ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, na inafika jikoni kwa bomba tu, kwa nyumba za mitaa michache ya Mtwara na kule Mnazi Mmoja, Lindi, ambako TPDC, shirika la taifa la mafuta, imeshafikisha mtandao.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwenye ghorofa kuliko popote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inateremka ngazi na kutulia mahali pa chini. Methani ni nyepesi, inapanda. Kwa hiyo jiko la mtungi likiwa juu, gesi iliyovuja inaweza kumkuta mtu wa chini anayewasha mshumaa. Jiko la bomba likiwa chini, inawakuta waliolala juu. Tundu la hewa la gesi ya mtungi liwe chini, karibu na sakafu, litokeze nje ya nyumba. La gesi ya bomba liwe juu, karibu na dari. Nimeingia nyumba mpya nzuri ambazo tundu liko juu tu, na mtungi uko kabatini chini ya sinki, mlango umefungwa. Harufu ya yai viza inayowekwa kwenye gesi ndiyo kinga pekee iliyobaki pale, na mtu mwenye mafua haisikii.

Mtungi ukae nje. Kwenye roshani yenye kivuli na matundu chini, au ukutani uani, mpira au bomba la shaba lipite ukutani ndani ya kipande cha bomba gumu. Mtungi wa kilo 15 ukijaa, pamoja na chuma chake, unakaribia kilo 30. Fikiria nani ataupandisha ngazi kila mwezi. Sisi jiko liko juu na mtungi wa kilo 38 uko chini nje, kwenye kizimba chenye wavu, na bomba la shaba linapanda ukuta wa nje. Fundi wa gesi alilifanyia majaribio kwa presha, nami huwa napaka povu la sabuni kwenye maungio kila ninapobadilisha mtungi. Angalia pia kutu. Hewa ya bahari inakula kitako cha mtungi na vichwa vya jiko; mtungi wenye kutu inayobanduka urudishe dukani, una haki ya kupewa mwingine.

Gesi ya bomba ikiwa imefika mtaani kwako, sioni cha kubishana. Hakuna mtungi wa kubeba, haikuishii katikati ya pilau. Jambo moja tu: jiko ulilokuwa ukitumia kwa mtungi haliunganishwi hivi hivi, vitundu vyake vya kutolea gesi vibadilishwe viwe vikubwa zaidi, na kazi hiyo waachie mafundi wa mtandao.

Kwa upande wa joto, gesi inashinda kuni mbali sana. Unazima, na ndani ya dakika chache jiko limepoa. Moshi haina. Inachoshindwa ni vyakula vya saa nyingi. Ming'oko ya kutosha familia, au sufuria la mbaazi za nazi kwa wageni wa arusi, mtungi unaona aibu.

Mkaa na umeme, kwa haraka

Mkaa kwenye ghorofa ni hatari ambayo watu hawaioni kwa kuwa hauna moshi. Unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, na jiko la mkaa lililoingizwa ndani mvua inaponyesha, madirisha yamefungwa, limeua watu. Ngazi itaipandisha hewa hiyo pia. Ukipika kwa mkaa pikia nje, na usilipandishe jiko juu "lipoe" koridoni. Juu ya hayo, kilo moja ya mkaa wa tanuri la udongo inakuwa imekula kilo tano hadi kumi za kuni, kwa hiyo mwenye kuni zake akinunua mkaa anajipunja mara mbili. Mkaa mbadala wa makaa ya mawe nao ni wa kupikia nje ya nyumba tu.

Umeme nilikuwa nikiudharau mpaka niliponunua presha kuka ya umeme. Maharage yaliyoloweshwa yanaiva kwa nusu yuniti hivi. Kwa bei ya kawaida tuliyoizoea, ambapo shilingi 1,000 inakupa yuniti kama 2.8, hiyo ni chini ya shilingi 200. Hakuna kuni wala gesi ya kununua inayofika hapo. Koili ni habari nyingine. Yuniti 150 za mlinganisho ule wa mwanzo zinakuja zaidi ya shilingi 50,000. Na umeme ukikatika saa kumi na moja jioni, kama unavyotuzoeza, uwe na jiko la pili.

Ningejenga nini

Kama kiwanja chako ni kidogo, majirani wamekubana na kibanda hakiwezi kwenda zaidi ya mita tano sita kutoka ukutani, achana na kuni kabisa hata kama unazo bure. Gesi na presha kuka. Moshi wako utaingia pia kwa jirani mwenye ghorofa, na hapo utakuwa umeongeza kesi ya mtaa.

Kama uko Newala, Masasi au Nachingwea, kiwanja kipana, kuni za kupogoa zipo, wazee mnaishi nao, jenga jiko banifu la uani magharibi ya nyumba na dohani ya matofali, na weka gesi ndani kwa chai, kupasha na usiku. Ndivyo tulivyoishia sisi mjini pia, kwa kuwa kiwanja kiliruhusu. Mama mkwe ana jiko lake, mimi nina langu, na hilo lina faida zake ambazo hazihusiani na nishati. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na sidhani jiko la kuni, hata banifu, litahesabiwa humo. Kwa hiyo nisingelifanya kuwa jiko pekee la nyumba inayotarajiwa kusimama miaka hamsini.

Na kama ndiyo kwanza unapanga matofali, fanya jambo moja ambalo halina gharama kubwa: kabla ya plasta, zika kipande cha bomba la inchi mbili kinachotoka jikoni hadi ukuta wa nje unaotazama barabara, kizibe ncha zote mbili, na uandike kwenye ramani kilipo. Siku bomba la gesi likifika mtaani, hutatoboa ukuta wa marumaru. Sisi tulisahau. Shemeji ndiye aliyekumbuka, wakati marumaru zimeshakauka.